Mwenyekiti Aliyeshika Wembe

Katika jengo lile la ghorofa tano, uenyekiti wa Umoja wa Wamiliki haukugombewa. Mtu aliangukiwa nao. Kila uchaguzi ulipofika, waliohudhuria wote walikuwa na udhuru. Huyu presha inampanda, yule ana safari za kikazi, mwingine mkewe hataki kusikia. Basi ikawa desturi kumchagua asiyekuwepo, kwa kuwa yeye peke yake hakuwa na mdomo wa kukataa. Mwenyekiti aliyepita alichaguliwa akiwa msalani. Aliposikia makofi alidhani mkutano umekwisha, akatoka huku anafunga mkanda, akakabidhiwa mhuri.

Kinyozi wa ghorofa ya nne aliijua desturi hiyo, na kwa miaka mingi alijikinga kwa kufika wa kwanza na kukaa mbele kabisa, aonekane. Siku yake ilipowadia viti vilipungua. Kwa kuwa ni mtu asiyejua kukaa huku mwenzake amesimama, akajitolea kuvuka barabara kuleta benchi la saluni yake. Aliporudi na benchi kichwani, ukumbi mzima ulisimama na kumpigia makofi. Akawashukuru sana. Alidhani wanashangilia benchi.

"Umepita kwa kauli moja," aliambiwa na katibu, mwalimu wa kike wa ghorofa ya kwanza, aliyempa mhuri kabla hajalitua benchi.

Mkewe alikuwa nyumbani na mama yake mzazi, anashona. Jengo zima lilimwita Fundi. Alipopewa habari alicheka mpaka akasimamisha cherehani, kisha akaacha kucheka.

"Wewe? Mwenyekiti? Wewe ambaye tangu nikujue hujawahi kumwambia mtu hapana? Hata mimi shangazi yangu alikuuliza kama umenipenda, ukaona haya kukataa."

"Nilikupenda kweli."

"Najua. Lakini usingenipenda ungesema ndiyo vilevile."

Kinyozi alijua ni kweli. Tabia hiyo hakuzaliwa nayo, ilitokana na kazi. Mtu akikaa kwenye kiti chako, ukamfunga kitambaa shingoni na kumwekea wembe kooni, huwezi kuanza kubishana naye. Akisema mvua zimekuwa nyingi, zimekuwa nyingi. Anayemfuata akisema ni ukame, ni ukame. Miaka ishirini ya kazi hiyo ilikuwa imemlainisha shingo, ikawa inainama yenyewe.

Na katika wateja wote, hakuna aliyeinamiwa kuliko Bwana Kifungu.

Bwana Kifungu alikuwa karani wa mahakama mstaafu, aliyefiwa na mkewe, mkazi wa ghorofa ya tatu, moja kwa moja chini ya nyumba ya Kinyozi. Jina lake halisi lilikuwa limesahauliwa. Katiba ya Umoja aliiandika yeye, na alikuwa na hakika kwamba mbali na yeye hakuna aliyewahi kuisoma. Kila Jumamosi alikuja kunyolewa ndevu na faili lake likiwa mapajani, chini ya kitambaa.

"Mwenyekiti," alianza Jumamosi ile, povu likiwa limemfika masikioni, "humu jengoni mwetu kuna watu wamegeuza makazi kuwa karakana."

"Kweli, mzee."

"Kelele tangu asubuhi. Drrrr, drrrr. Mtu amestaafu, anataka kupumzika."

"Inachosha sana hiyo."

"Kifungu cha tisa kinasema hakuna biashara ndani ya nyumba."

"Kiko wazi kabisa."

"Kwa hiyo wewe, kama mwenyekiti, unakubali hatua zichukuliwe?"

Wembe ulikuwa umefika chini ya kidevu, penye kovu la zamani ambalo hutaka utulivu. Kinyozi alikuwa amebana pumzi. Kati ya maneno yote aliyoambiwa, alikuwa amesikia mwisho wake tu, kama ilivyo kawaida ya vinyozi.

"Zichukuliwe, mzee wangu. Zichukuliwe."

Bwana Kifungu alipojipangusa uso, alifungua faili, akatoa karatasi iliyokwisha kupigwa chapa. Kinyozi akaisaini pale pale mezani, kati ya kopo la poda na brashi, macho yake yako kwa mteja anayefuata. Akagonga na mhuri. Alikuwa bado anaufurahia mhuri ule.

*

Karatasi aliikuta jioni mlangoni kwake, imebandikwa kwa gundi nyingi. Mkewe alikuwa amesimama kando yake, mikono kiunoni, anamsubiri.

"Nisomee," akamwambia. "Mimi nimeshaisoma. Nataka kuisikia kwa sauti ya aliyeisaini."

Kinyozi akasoma. Fundi wa ghorofa ya nne anaamriwa kusimamisha cherehani na ushonaji ndani ya nyumba mara moja, mpaka mkutano wa wamiliki utakapoamua iwapo ataruhusiwa kuendelea au atapigwa marufuku kabisa. Kadiri alivyosoma sauti ilipungua, na alipofika penye saini yake haikusikika tena.

"Sikujua ni wewe," akasema.

"Kuna cherehani ngapi humu jengoni?"

Suala halikuwa cherehani, na wote wawili walilijua. Fundi aliwahi kuwa na kibanda chake sokoni, chenye wateja wa kutosha. Alikifunga mwaka ambao mama yake alianza kusahau. Siku moja mama huyo, ambaye wote walimwita Bibi, alitoka nyumbani peke yake, akapatikana jioni kituo cha mabasi na kifurushi cha nguo, anasubiri gari la kumpeleka kwenye nyumba iliyobomolewa zamani. Tangu hapo cherehani ikahamia sebuleni, na Bibi akawekewa kiti karibu yake. Alisahau majina, alisahau kama amekula, lakini cherehani ile ilikuwa yake kabla haijawa ya bintiye, na sauti yake hakuisahau. Alipoisikia alijua yuko kwake.

"Nikirudi sokoni, mama namwacha na nani?" Fundi aliuliza. "Nimfungie ndani na kufuli? Niambie, Mwenyekiti."

Hilo la kuitwa Mwenyekiti na mkewe lilimchoma kuliko mengine yote.

Fundi angeweza kuipuuza amri, kama kila mtu alivyozipuuza amri za Umoja. Hakufanya hivyo. Alichukua shuka akaifunika cherehani, akaketi, akaweka mikono mapajani. "Mimi ni mtu wa sheria," alisema. "Tuone nani atachoka."

Kesho yake saa moja asubuhi, saa yake ya kuamka, Bibi alifumbua macho akatega sikio. Kimya. Akachukua mkongojo akaanza kuugonga sakafuni.

"Mwanangu yuko wapi? Mmenileta wapi hapa?"

Fundi akamkimbilia, akamshika mikono. "Mama, ni mimi. Mwanao ni mimi."

Bibi alimtazama kwa adabu, jinsi mtu anavyomtazama mgeni. "Hapana, mama," akasema. "Mwanangu anashona. Wewe hushoni."

Akaendelea kugonga. Fundi akaingia jikoni, akafungua bomba la maji bila sababu, akakaa huko muda mrefu. Kinyozi aliyasikia yote akiwa amesimama koridoni na mswaki mdomoni, na moyo ulimuuma kweli.

Punde hodi ikabishwa mlangoni. Alikuwa Bwana Kifungu, kavaa kandambili na koti la suti juu ya pajama.

"Mwenyekiti, sasa kuna kugonga."

"Kweli, mzee," alisema Kinyozi. "Kunagongwa."

"Ni kubaya kuliko cherehani."

"Kubaya zaidi, ndiyo."

Bwana Kifungu akatikisa kichwa kwa masikitiko. "Na kifungu cha tisa hakisemi lolote kuhusu mkongojo."

Bomba la jikoni lilikuwa limefungwa. Kinyozi hakuhitaji kugeuka ili ajue kwamba mkewe amesikia jinsi alivyoitikia.

Wiki ile alikwenda kazini na joho lake la kinyozi likiwa limekatika kifungo cha juu. Alimwonyesha mkewe, mkewe akamwambia asome tangazo, hairuhusiwi kushona ndani ya nyumba hii. Chakula aliwekewa, chumvi ilikuwamo, maneno hayakuwamo. Usiku wa kuamkia mkutano ndipo Fundi alipozungumza, uso ukutani.

"Sikuombi ugombane na mtu. Nakuomba siku moja tu useme unalofikiri mbele ya mwenyewe. Mimi hapa kitandani nimekusikia ukimjibu kila mtu vizuri sana. Tatizo wao hawako hapa kitandani."

*

Mkutano ulifanyika chini, katika chumba kilicho kando ya matangi ya maji, chenye dirisha moja la vioo vya kukunja linalotazama ngazi. Watu walijaa. Fundi alikuja amemshika Bibi mkono, Bibi kavalishwa gauni la sherehe, maana mwenyewe aliamini wanakwenda harusini. Alikuwa akiuliza bibi harusi ni yupi.

Bwana Kifungu alisimama na kuisoma hoja yake yote, aya kwa aya. Iwapo ingepita, cherehani ingetoka jengoni. Akamalizia hivi: "Na mwenyekiti wetu mwenyewe, kwa kinywa chake, alikiri Jumamosi kwamba kelele zile zinachosha na kwamba kifungu kiko wazi. Je, si kweli, Mwenyekiti?"

Watu wote wakamgeukia Kinyozi. Shingo yake ilishaanza kuinama, kwa mazoea. Akamwona mkewe. Hakuwa amekasirika, na hilo ndilo lililomtisha: alikuwa anatazama sakafu, kama mtu aliyekwisha kujua jibu.

Kinyozi akaitazama mikono yake. Ilikuwa mitupu.

"Mzee," akasema, na sauti ikamtoka nyembamba, "nilisema hivyo. Lakini nilikuwa nimeshika wembe. Nikishika wembe sibishani na mtu, si wewe tu. Humu ndani hakuna mtu nisiyewahi kumkubalia upuuzi." Hapo minong'ono ikapita, kila mtu akijaribu kukumbuka. "Leo sina wembe. Cherehani ile hainichoshi. Ni ya mama mkwe wangu, na bila hiyo hajui yuko wapi. Sikubaliani na wewe, mzee."

Akakaa kabla hajasimama vizuri. Fundi aliinua uso.

Bwana Kifungu alishtuka, lakini mtu aliyekaa mahakamani miaka thelathini hashtuki kwa muda mrefu. "Mwenyekiti sasa amejitangaza kuwa upande mmojawapo," alisema. "Kifungu cha kumi na nne: mwenye maslahi katika jambo linalojadiliwa atatoka nje. Naomba yeye na mkewe watupishe."

Wakatoka, na Bibi katikati yao. Kinyozi aliketi ngazini, akajiona amekwisha. Siku aliyosema hapana kwa mara ya kwanza ndiyo siku aliyotolewa nje. Mkewe alifungua mkoba, akatoa sindano na uzi, akamvuta joho na kuanza kumtia kifungo cha juu hapo hapo ngazini.

"Tangazo linasema ndani ya nyumba," alieleza. "Hapa ni ngazini."

Mlango ukafunguka. Akatoka nesi wa ghorofa ya pili, anaangalia saa.

"Nami nina maslahi," alisema. "Gwanda langu la kazi liko kwako, Fundi, halijamalizika. Nimewaambia, nikipiga kura nitakuwa najipendelea." Ukweli ni kwamba alikuwa na zamu ya usiku na alitaka kuwahi, lakini alikuwa amefungua njia. Ndani, watu walikuwa wamegundua kwamba kuna namna halali ya kuondoka mkutanoni, jambo ambalo jengo lile lilikuwa likilitafuta kwa miaka.

Akatoka wa sare za watoto. Akatoka wa mapazia. Akatoka dereva wa lori aliyepunguziwa suruali, na mkewe aliyeongezewa gauni. Bwana mmoja wa ghorofa ya tano, ambaye hakuwa ameshonewa chochote, alimpa Fundi oda ya shati pale pale mlangoni, akajiunga na wenzake. Wa mwisho alikuwa katibu, daftari kwapani. "Sketi mbili," alisema, akaketi kwenye ngazi ya chini.

Kinyozi akachungulia dirishani. Katika ukumbi mzima alibaki Bwana Kifungu peke yake, amesimama mbele ya viti vitupu. Alikohoa.

"Naona," aliviambia viti, "akidi haijatimia."

Akaketi kusubiri itimie. Ngazini watu walikuwa wamekwisha kuanza mazungumzo, wameegemea kuta, wengine wameketi, kwa raha ambayo haijapata kuonekana katika mkutano wowote wa Umoja. Bibi aliwahesabu kwa macho, mmoja mmoja, akaridhika na harusi.

"Na yule aliyeachwa ndani peke yake," akauliza, "hamumwiti?"

Watu wakatazamana. Katibu akaufungua ukurasa mpya wa daftari lake, polepole.

"Wamiliki wote tuko hapa," alisema. "Isipokuwa mmoja."

Kinyozi alielewa kabla ya wote, kwa sababu yalishamkuta. Akaingiza mkono mfukoni, akautoa mhuri, akauweka juu ya ngazi. "Najiuzulu," alisema, na neno hilo lilimtoka kwa wepesi uliomshangaza. Mikono yote ikanyooka juu kwa pamoja.

Makofi yalikuwa hayajaisha mlango ulipofunguka. Bwana Kifungu alikuwa na faili mkononi na uso wa mtu aliyeonewa na maandishi yake mwenyewe.

"Nilikuwa natoka," alisema. "Nimekumbuka kwamba nami nina maslahi. Hili koti, marehemu mke wangu alilinunua. Bitana ilipochanika, nililipeleka saluni, na Mwenyekiti akaja nalo limetengenezwa. Sikuuliza limetengenezwa wapi." Akakwama. "Mnapiga makofi ya nini?"

"Hongera, Mwenyekiti," alisema katibu.

"Uchaguzi wa ngazini ni batili."

"Akidi imetimia, na katiba yako haisemi mkutano ufanyike wapi. Inasema wamiliki wakusanyike."

Bwana Kifungu akalifungua faili, akapitisha kidole kwenye mistari, akarudia. Kisha akalifunga. Nafasi hiyo Bibi aliitumia kumsogelea. Alilishika koti upindoni, akaligeuza, akapitisha kidole gumba juu ya mshono wa bitana kwa kituo, uzi kwa uzi.

"Hii kazi ya mwanangu," alimwambia. "Anarudisha uzi nyuma mara mbili. Nimemfundisha mimi."

"Ndiyo, mama," alisema Bwana Kifungu.

"Unamjua mwanangu?"

Bwana Kifungu alimtazama Fundi, ambaye bado alikuwa na sindano mkononi na machozi hayajifichi tena. "Namjua," alisema. "Tunakaa jengo moja."

Akauchukua mhuri. Alitangaza kwamba amri ya kusimamisha cherehani inabaki palepale mpaka atakapoitafakari kama mwenyekiti, kwa sababu sheria ni sheria, halafu akapanda ngazi moja moja, ameshika koti lake pale alipolishika Bibi.

*

Jumamosi alikuja saluni kama kawaida. Kinyozi alimfunga kitambaa, akampaka povu, akaanza shavu la kulia. Alimaliza upande huo, akahamia wa kushoto.

"Nimekisoma upya kifungu cha tisa," hatimaye alisema Bwana Kifungu. "Kinakataza biashara. Biashara ni mteja anapoingia. Nguo zikipokelewa hapa saluni na kuchukuliwa hapa saluni, kule juu hakuna biashara. Kuna mtu anashona nyumbani kwake, na kushona hakujakatazwa."

"Kweli, mzee."

"Nimeandika uamuzi. Cherehani itaanza saa mbili asubuhi na kukoma saa kumi na mbili jioni. Nadhani ni haki kwa pande zote. Tunakubaliana?"

Wembe ulikuwa chini ya sikio la kushoto. Kinyozi alifungua mdomo, na ile 'ndiyo' ilikuwa imekaa tayari ulimini, 'ndiyo' ya miaka ishirini. Akafikiria saa ile moja iliyopungua, na mkongojo, na mwanamke anayeambiwa na mama yake mzazi kwamba si mwanawe.

Akauinua wembe kutoka shingoni. Akaufuta kwa taulo, akaukunja, akauweka mezani kando ya poda.

"Hapana," alisema. "Saa moja."

Bwana Kifungu alijitazama kwenye kioo. Nusu ya uso ilikuwa safi, nusu ina povu, na barabarani walikuwa wanapita watu wanaomfahamu.

"Saa moja na nusu," alisema.

Kinyozi alivuta kigoda, akakaa, akakunja mikono. Joho lake lilikuwa na vifungo vyote.

"Bibi huamka saa moja, mzee."

Povu lilianza kukauka. Bwana Kifungu alifumba macho, akaegemeza kichwa kitini. "Saa moja, basi," alisema. "Hata mimi huwa nimeshaamka."